Daftari la Kamati

Walituletea semina ya siku mbili, soda na maandazi.
Tukapewa vizibao vya njano vinavyong'aa vikimulikwa,
kipaza sauti cha mkononi, na hili daftari la kaunta:
Kamati ya Maafa, Kijiji cha Chinokole.

Kizibao changu anacho mwanangu Mfaume,
anafukuzia ngedere shambani.
Kipaza sauti kinakula betri sita,
na betri sita ni mahindi ya siku nne.
Likabaki daftari.

Nikaandika.
Si ile michoro yao, duara ndani ya duara, mishale, wadau.
Niliandika nani analala wapi
na nani ambebe nani.

Bi Somoe Nandonde: hasikii. Asigongewe mlango, atikiswe kitanda.
Likwena: mguu mmoja. Baiskeli ya Hashimu, kama ina upepo.
Mke wa Chitanda: miezi minane. Machela iko zahanati,
ufunguo kwa nesi, na nesi Jumatatu yuko Lindi.
Mzee Mkwinda: atakataa. Ibebwe redio yake, naye atafuata.

Mwenyekiti akacheka: "Katibu, unahesabu watu
kama mpika wali wa matanga."
Nikamwambia, bora mimi ninayehesabu kabla.

Pale kivukoni tulichimbia nguzo, tukaipaka rangi:
chini nyeupe, katikati njano, juu nyekundu.
Watoto wakaipimia urefu wao. Mbuzi wakajikunia.
Mbwemkuru ukapita chini yake, mwembamba,
mpole kama mgeni siku ya kwanza.

Kisha Aprili. Redio ikataja kimbunga,
kimepewa jina kama mtoto wa watu.
Kiko mbali, ikasema. Kitasukuma mvua bara.
Magharibi nikaenda kivukoni: nyeupe.
Baada ya isha: nyeupe bado.
Saa tano usiku, njano,
na maji yamebadilika harufu,
yananuka udongo wa Nachingwea,
mashamba ya watu nisiowajua.
Kwetu nyota zilikuwa zinaonekana.
Utamwambiaje mtu akimbie mvua
ambayo haijamnyeshea?

Sikuwa na betri. Nilipiga sufuria,
lile la shughuli, la kukodisha, mpaka likabonyea.
Kitanda cha Bi Somoe kikatikiswa.
Redio ikatangulia, Mkwinda nyuma yake akitukana.
Daftari nililifunga kifuani na kanga,
sikulifungua hata mara moja,
nalijua kama Fatiha.

Shuleni, mlimani, tukahesabu.
Mia mbili na kumi na mmoja.
Tukarudia.
Ndipo nikakumbuka bonde.

Mpunga ulikuwa umeiva.
Waliokuwa madunguni wakilinda nguruwe
hawakulala nilikoandika kwamba wanalala.
Kwenye daftari mtu ana nyumba moja.
Mwezi wa nne ana mbili,
na ya pili iko chini, imesimama kwenye miti minne.

Tulimulika maji kwa tochi za simu.
Maji, maji, gogo, maji,
kisha kitu cha njano, kikawaka.
Kikainua mkono.
Sijui nilipiga kelele gani. Bi Somoe anasema aliisikia.

Madungu matatu yalisimama mpaka asubuhi.
La nne halikusimama.

Bakili Mnunduma, miaka kumi na tisa.
Jina lake sikulifuta.
Mbele yake, palipoandikwa *nani ambebe*,
nimepaacha wazi, na pataendelea kuwa wazi.

Nguzo ilikwenda na maji. Tumechimbia nyingine.
Sufuria nalilipa kidogo kidogo.
Betri nimenunua, nimezifungia kwenye kopo la chumvi.
Na daftari nimelipiga mstari mpya, kutoka juu hadi chini:
*Leo analala wapi?*

Kila alasiri napita nyumba kwa nyumba, nauliza.
Wanawake wananiita mbea.
Wanaume wengine wanajibu kwa hasira kuliko swali lilivyo.
Naandika hivyo hivyo.